Kwa nini kila tarehe 30 mwezi wa sita redio inaweka Indépendance Cha Cha

Kila mwaka, sikukuu ya uhuru inapokaribia, simu ya studio yetu hapa Bunia inaanza kulia tangu asubuhi. Watu wanaomba nyimbo. Mmoja anataka Franco, mwingine Tabu Ley, mwingine Docteur Nico. Wako wanaopiga kutoka mjini, na wako wanaopiga kutoka kambi za wahami wa vita, wakisema haraka haraka kwa sababu yuniti zinakaribia kuisha. Wote wanajua kwamba siku hizo za mapumziko vipindi vya kawaida vinapunguzwa na nyimbo za zamani zinachukua nafasi. Na wote wanajua ni wimbo gani utakaofungua kipindi.

Mwaka jana kijana mmoja alituuliza, moja kwa moja hewani, kwa nini tunawawekea watu wanaolala chini ya hema wimbo wa kucheza kwa ajili ya uhuru. Kijiji chake kilichomwa, shamba la wazazi wake limeota majani. Uhuru gani huo? Sikuwa na jibu. Niliweka wimbo, nikanyamaza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wazee na kusoma, na leo ninajaribu kumjibu.

Turudi mwezi wa kwanza mwaka 1960. Mkutano wa Meza ya Duara ulifunguliwa Brussels tarehe 20, kati ya serikali ya Ubelgiji na viongozi wa vyama vya Kongo. Miaka michache tu kabla ya hapo, mwaka 1955, profesa mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alikuwa ameandika mpango wa kuiandaa Kongo kwa uhuru kwa miaka 30, na Wabelgiji wengi walimwona ni mtu wa haraka mno. Sasa Wakongo walikuwa wamekaa mezani wakidai uhuru mwaka uleule.

Viongozi hao hawakuwa marafiki. Kasavubu wa Abako alitaka mambo yake, Tshombe wa Conakat yake, Kalonji na Lumumba walikuwa wamekwisha kugawana chama cha MNC. Lakini walipofika Brussels waliunda umoja wao, Front commun, ili Wabelgiji wasipate nafasi ya kuwagawanya. Jambo la kwanza walilosimamia pamoja lilikuwa kwamba Lumumba atolewe gerezani aje mkutanoni. Alikuwa amefungwa Katanga, kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Alitolewa, akapanda ndege. Tarehe 27, siku moja baada ya yeye kufika, ilikubaliwa kwamba Kongo itakuwa huru tarehe 30 mwezi wa sita.

Wanamuziki nao walikuwa kulekule. Thomas Kanza, aliyekuwa akikaa Brussels, alikuwa amemwalika Joseph Kabasele, yule tunayemwita Grand Kallé, pamoja na okestra yake African Jazz. Kallé alikuwa na miaka 29. Mpiga gitaa wake, Nico Kasanda, alikuwa na miaka 20 tu. Pamoja nao walikuja Vicky Longomba na Brazzos kutoka OK Jazz, okestra iliyokuwa ikishindana na African Jazz kila wikendi katika baa za Leopoldville. Kwa safari hiyo, hata wapinzani wa muziki walipanda jukwaa moja.

Hapo ndipo Indépendance Cha Cha ulipozaliwa. Umeimbwa kwa Kilingala, na ukiusikiliza vizuri utaona kwamba haumsifu mtu mmoja. Unataja vyama kimoja baada ya kingine, na majina ya viongozi: Kasavubu, Lumumba, Tshombe, Kalonji, Bolikango na wengine. Ni kama mtu anayeita majina ya wote waliokaa mezani, bila kumwacha yeyote nje. Redio iliufikisha mahali ambapo gazeti halikufika. Haukubaki Kongo peke yake, kwani mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na wimbo wetu ulichezwa katika nyingi za nchi hizo.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 5 mwezi wa saba askari wa Force publique waliasi. Tarehe 11 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Mwezi wa nane Kalonji alifanya vilevile huko Kasai ya Kusini. Mwezi wa tisa Kasavubu alimfukuza Lumumba katika serikali. Na tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961 Lumumba aliuawa Katanga, mkoa uleule walikomtoa gerezani mwaka mmoja tu uliotangulia. Watu waliotajwa pamoja katika wimbo mmoja hawakumaliza hata miezi mitatu ya uhuru wakiwa pamoja.

Kwa hiyo, kijana wangu, swali lako ni la haki. Lakini sisi hatuuweki wimbo huu kwa sababu mambo yalikwenda vizuri. Tunauweka kwa sababu unahifadhi ahadi iliyotolewa kwa sauti, majina yakitajwa, na kila mtu akisikia. Mtu aliyekukopa akikataa deni, unamwita shahidi. Wimbo huu ni shahidi wetu. Ulisema kwamba nchi hii ni ya wote waliotajwa, na watu wao wote, pamoja na wewe uliye kambini.

Wazee niliozungumza nao wamenikosoa kwa jambo lingine, nami ninakubali. Vipindi vyetu vya sikukuu vinaimba Kilingala kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba muziki wa Kongo ulianzia na kuishia Leopoldville. Lakini mwaka 1952, miaka minane kabla ya Indépendance Cha Cha, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey kulekule Jadotville, akipiga gitaa peke yake, na wimbo wake Masanga ukajulikana mbali sana. Mwenda aliimba Kiswahili cha kwao Katanga. Yeye na Edouard Masengo walifika hadi Nairobi, na wapiga gitaa wa huko walijifunza kwao. Baadaye Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978 na akawa nyota huko kwa Kiswahili. Hao pia ni watoto wa nchi hii. Mama aliyekimbia kijiji chake na kuacha kila kitu anapaswa kusikia, siku ya taifa, lugha anayomlazia mtoto wake.

Basi mwaka huu tumepanga hivi. Indépendance Cha Cha utafungua kipindi kama kawaida, lakini kabla ya kuuweka nitaeleza kwa ufupi majina yaliyomo na yaliyowapata watu hao. Mara baada yake ataingia Mwenda, halafu Masengo, halafu Remmy. Maombi yenu ya Franco na Tabu Ley yatafuata, msiwe na wasiwasi.

Tuna ombi moja. Ninyi mlio kambini, kaeni na mzee mmoja karibu na redio siku hiyo. Muulizeni wimbo wa kwanza aliousikia redioni ulikuwa upi, na alikuwa kijiji gani. Mtuandikie ujumbe mfupi, jina la wimbo na jina la kijiji. Tukiupata wimbo tutauweka, na jina la kijiji tutalisoma hewani, hata kama leo hakuna anayekaa huko.