Sikio Kabla ya Nota

Kati ya walimu wa nyimbo neno moja linasikika mara kwa mara: "Fulani anapiga gitari vizuri, lakini hajui muziki." Maana yake, mtu huyu hawezi kusoma nota. Sisi tunaona kwamba neno hili halina haki, tena linaleta hasara. Kijana anayeambiwa hivi huanza kudharau masikio yake, na kumbe masikio hayo ndiyo mali yote aliyo nayo. Basi tutazame namna mambo yalivyokwenda zamani, kwanza katika Kanisa la Ulaya, kisha katika inchi yetu.

Kwa miaka mamia nyimbo za Kanisa zilipita toka kinywa hata sikio. Alama zilizoanza kuandikwa juu ya maneno katika karne ya 9 zilimkumbusha mwimbaji wimbo alioujua tayari. Wimbo asioujua hazikuweza kumfundisha. Mmonaki wa Italia, Guido wa Arezzo, alilisikitikia jambo hilo. Yapata mwaka 1030 alimwandikia mmonaki mwenziwe Michael kwamba miaka kumi ya kujifunza ilileta matunda haba, lakini kwa njia yake mpya mwaka mmoja ulitosha, au miwili ikizidi sana.

Watu wengi wanamkumbuka Guido kwa ajili ya mistari ya nota tu. Wanasahau sehemu nyingine ya kazi yake, nayo ilikuwa ya sikio. Alitumia wimbo wa Mtakatifu Yoane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya kwanza vinaanza kila kimoja ngazi moja juu kuliko kile kilichotangulia: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwanafunzi aliyeshika wimbo huo moyoni alikuwa na kipimo ndani yake. Akisikia sauti ngeni, alijiuliza: inafanana na mwanzo wa kipande gani? (Ule mkono uliochorwa majina ya nota juu ya vidole, unaoitwa mkono wa Guido, haumo katika vitabu vyake mwenyewe.) Kabla yake desturi ilikuwa kutumia monokordi, yaani uzi mmoja uliovutwa juu ya kisanduku: mwalimu apiga, mtoto afuata. Guido alisema kwamba jambo hili ni jema kwa wanaoanza, lakini ni baya kwa wale wanaoendelea. Sababu tunaiona wazi. Anayengoja uzi umwambie sauti kila mara, sauti hiyo haijakaa ndani yake bado.

Kwetu Kongo masikio yalifundishwa pia, tena mapema kuliko huko, kwa kuwa lugha zetu nyingi zenyewe zina sauti ya juu na ya chini. Kati ya Walokele karibu na Kisangani, neno lisaka likisemwa chini lote ni dimbwi la maji. Silabi ya mwisho ikipanda ni ahadi. Zikipanda mbili za mwisho ni sumu. John Carrington, mmisionari wa Kiprotestanti huko Yakusu, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema. Ngoma ile ya mti ina sauti mbili tu, nayo inafuata kupanda na kushuka kwa maneno. Mtoto wa namna hiyo alipimwa sikio kila siku na mama yake, na akikosea hatari haikuwa ndogo!

Sasa tuje Katanga. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, na migodi ya shaba ikaita watu toka pande nyingi: Waluba, Wabemba, watu wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Ruanda-Urundi. Kila mtu alifika na nyimbo za kwao masikioni. Gitari ilikuwa chombo kigeni kwa wote, na wengi waliojifunza hawakuwa na kitabu wala chuo. Walitazama vidole vya mwenzao, wakasikiliza, wakaenda kujaribu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashini yake ya kunasa sauti, alimkuta huko Jadotville (leo Likasi) kijana wa Kiyeke mwenye miaka kama 22, Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" ulinaswa, ukapewa tuzo ya Osborn ya mwaka ule. Sahani zake zilifika mbali sana. Kenya wapiga gitari wengi walimfuata, naye mwenyewe alikwenda kukaa Nairobi kwa miezi kadhaa mwaka 1959.

Asikilizaye "Masanga" mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Kumbe ni mkono mmoja: kidole gumba kinashika sauti za chini, kidole cha shahada kinacheza juu. Anayetaka kuushika wimbo huu kwa sikio akiushambulia wote pamoja, atashindwa. Aitenge kwanza besi, aiimbe kwa kinywa mpaka aweze kuiimba sahani ikiwa imenyamaza. Ndipo atafute ya juu. Tena sauti zenyewe ndizo kazi nyepesi. Ugumu mkubwa ni kujua pigo linaangukia wapi, kwa sababu sahani haimwonyeshi mguu wa mpigaji, na msikilizaji wa mbali huweka pigo la kwanza mahali anapozoea yeye.

Wenye nota walilijua jambo hili kwa jasho. David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu huko London, alitoa mwaka 1961 na 1962 maandiko marefu juu ya gitari ya Bosco, akiziandika nyimbo kwa nota kutoka katika sahani. Angalieni mpango ulivyogeuka: mpigaji asiyehitaji karatasi ndiye mwalimu, na msomi ndiye aliyetega sikio. Huko Kamina, mwaka 1958, jambo lilifanana nalo. "Missa Luba" ya Padri Guido Haazen, Mfransisko, ilizaliwa katika kuimba pamoja na vijana wake, na nota zikaja nyuma.

Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari mpaka Lubumbashi kuwatafuta wapigaji wa miaka ile, ajifunze kwao wangali hai; kitabu chake kilitoka Vienna mwaka 1982. Alifanya vema kutokawia. Bosco alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Zimebaki nyimbo zilizonaswa, nyingi zikiwa za dakika tatu tu, kwani upande mmoja wa sahani za zamani haukuweza kubeba zaidi sana. Zamani aliyetaka kuzisikiliza polepole alipunguza mbio za mashini kwa nusu, na gitari ikashuka oktava nzima. Sasa hata simu inaweza kupunguza mbio, na sauti ikabaki mahali pake.