Kitabu na Umri wa Msomaji: Historia Fupi ya Kuwachagulia Watoto wa Pwani Vitabu

Kumchagulia mtoto kitabu ni jambo linalodhaniwa kuwa jepesi. Mzazi huingia dukani, akatazama picha ya jalada, akapima unene, akauliza bei, akaondoka nacho. Lakini historia ya Unguja, Pemba na mwambao wa jirani inaonesha kwamba nyuma ya tendo hilo dogo pamekuwepo mvutano mkubwa uliodumu zaidi ya karne moja na nusu: ni nani mwenye haki ya kumchagulia mtoto cha kusoma, na kwa kipimo gani? Wachaguzi walikuwa wengi. Walikuwepo walimu wa vyuo na mama wa nyumbani, wakaja wamishionari, wakafuata maofisa wa elimu wa kikoloni, na hatimaye watunga mitaala na mitihani. Kila mmoja alikuja na kipimo chake. Kipimo cha umri wa msomaji ndicho kilichosahauliwa mara nyingi, ilhali ndicho walichoanza nacho wazee wa pwani.

Katika chuo cha Kurani mtoto hakufunguliwa msahafu mzima siku ya kwanza. Alianza kwa herufi, kisha irabu, kisha kuunganisha. Ndipo akapewa Juzuu ya Amma, iliyo ya mwisho katika juzuu 30. Sura za juzuu hiyo ni fupi, na mwanafunzi alianzia zile za mwisho kabisa, akawa anapanda kidogo kidogo kuelekea sura ndefu mpaka siku ya khitma. Mpango huo ulikuwa wa ibada, lakini pia ulikuwa wa malezi: kifupi kilitangulia kirefu, na ulimi ulizoezwa kabla ya akili kutwishwa mzigo wa maana.

Nyumbani kulikuwa na darasa jingine, lisilo na ubao wala bakora. Bibi alitega vitendawili, akasimulia visa vya Sungura na Abunuwasi, naye aliwajua waliomzunguka. Palipokuwa na wadogo, kisa kilikatwa mapema kwa kicheko; wadogo walipokwisha kulala na kubaki wakubwa, kisa kile kile aghalabu kilirefushwa, kikaingia dhuluma, tamaa na mauti. Hadithi ilikuwa moja, ila msimulizi aliishona upya kwa kimo cha msikilizaji. Juu ya hayo zilikuwepo tendi, zenye vipande vya mizani nane na kina cha bahari kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Mtoto aliyezisikia zikisomwa usiku alizihifadhi kabla hajaweza kuzisoma, na maana yake ilimfikia baadaye, kila umri kwa sehemu yake.

Mfano ulio bayana wa kutungiwa kijana ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka ipatayo 17. Hakumtungia mtoto mchanga, wala hakumtungia mtu mzima aliyekwisha kuyaona ya ulimwengu. Alimtungia msichana aliyesimama mlangoni mwa utu uzima, akamweleza dini, adabu, mapambo, uendeshaji wa nyumba na maisha ya ndoa, kwa sauti ya mama anayejua kwamba muda wake ni mchache. Msomaji wa leo anaweza kukataa baadhi ya nasaha zake kuhusu mke na mume, na wapo wengi waliozijadili. Lisilokanika ni kwamba mtunzi alimjua msomaji wake kwa jina, kwa miaka na kwa haja, na huenda ujuzi huo ndio uliomfanya utendi wa nyumba moja kuwa mali ya pwani nzima.

Uchapaji ulipofika, msomaji huyo aliyejulikana kwa jina alianza kupotea. Edward Steere, aliyekuja Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alichapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Humo kimo kisa cha punda wa dobi, pamoja na kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Hazina hiyo ni kubwa, na hapana mpenzi wa lugha asiyeshukuru kuhifadhiwa kwake. Hata hivyo mkusanyo ulitolewa London, na tafsiri ya Kiingereza ikaenda sambamba na Kiswahili. Haja yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia mgeni ajifunze lugha. Hadithi iliyokuwa ikishonwa upya kila usiku ilipata sasa umbo moja kwa wote. Miaka mitatu kabla, Steere alikuwa amekwisha kutoa Hadithi za Kiingereza, ambazo ni masimulizi mafupi ya tamthilia za Shakespeare kama yalivyoandikwa na Charles na Mary Lamb kwa ajili ya watoto wa Kiingereza. Kwa hiyo miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya hadithi kupigwa chapa kwa Kiswahili kimo kilichokuwa kimekwisha kupimiwa umri, lakini umri wa mtoto wa nchi nyingine.

Karne ya ishirini ilileta kipimo kipya, nacho ni usanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuvipitia vitabu vilivyokusudiwa shule na kuvipa kibali. Swali la kamati lilikuwa: je, lugha ya kitabu hiki ni sanifu? Ni swali la maana, lakini si lile la bibi. Wakati huo huo, mtoto aliyetoka chuoni akijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu alijikuta mbele ya mwalimu wa serikali kama asiyejua kitu, maana kitabu cha shule kilikuwa kwa herufi za Kirumi.

Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati hiyo, aliongoza kazi ya kuzitafsiri na kuzifupisha riwaya mashuhuri za Kiingereza. Ndipo vikapatikana Kisiwa Chenye Hazina cha Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Haggard. Vitabu hivi vilikuwa na sifa moja ambayo haifai kubezwa: vilimfaa kijana wa miaka 12 hadi 15, mwenye kiu ya bahari, ramani na hatari. Vilimpa mwendo wa kisa na sababu ya kufunua ukurasa wa pili. Aibu yao ni nyingine. Haggard aliiandika Afrika kama pori la kuchotwa almasi, na kijana Mwafrika aliyesoma kwa shauku alilazimika kusafiri ndani ya kitabu akiwa upande wa wageni, akiwatazama watu wanaofanana na babu zake kwa macho ya mwingine.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alitoka katika jamaa za watumwa walioachwa huru waliokaa Freretown karibu na Mombasa, na kitabu chake kinasimulia kukamatwa, safari ya machozi na kuokolewa, huku kikiwasifu sana Waingereza na kuwaonesha Waarabu kuwa ndio wenye dhambi ile. Kilisomeshwa shuleni kwa miaka mingi. Je, ni kitabu chema au kibaya kwa vijana? Swali likiulizwa hivyo halina jibu. Mtoto wa miaka 10 hukipokea kama kilivyo, akatoka darasani na kumtazama jirani yake kwa jicho jipya, pengine la chuki au la aibu. Kijana wa miaka 17 anaweza kuuliza nani ameandika, alilelewa wapi, kitabu kilichapwa na nani, na yapi yameachwa bila kusemwa. Anaweza pia kuyapokea machungu ya utumwa, ambayo yalikuwa ya kweli, bila ya kuyageuza silaha. Maandishi hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni msomaji. Katika visiwa ambavyo siasa ya miaka ya 1950 iliyachokonoa majeraha ya asili na nasaba, tofauti hiyo ya miaka saba haikuwa jambo la kitaaluma tu.

Waandishi wa Kiswahili wenyewe ndio waliomrudisha msomaji kijana katika nafasi yake. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alichukua kisa chenye mizizi katika Alfu Lela Ulela, akakijaza majina yanayojieleza yenyewe: Adili, Hasidi, Mwivu. Mtoto hufuata ndugu wawili waliogeuzwa manyani; mkubwa huona hasadi inavyokula nyumba; mzee husoma hekima ya msamaha. Kusadikika, kilichotangulia mwaka 1951, hakifai kwa yule wa kwanza, kwa sababu hotuba za Karama mahakamani zadai msomaji aliyekwisha kuonja dhuluma ya watawala.

Mwaka 1960 ulikuwa wa neema kwa Unguja. Muhammed Saleh Farsy alitoa Kurwa na Doto, kisa cha maisha ya kijiji cha Unguja, na kwa mara nyingine kijana wa kisiwani akaikuta chapani ardhi anayoikanyaga. Mwaka huo huo ulitoka Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliokwisha kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 hadi 1958. Bwana Msa, na kiko chake na mantiki yake, hakuhubiri. Alimfundisha kijana kutoamini uvumi mpaka apate ushahidi, na kijana alijifunza huku akidhani anaburudika.

Baada ya uhuru na Mapinduzi, Kiswahili kilipata heshima mpya, na fasihi yake ikaingia katika mitihani. Kuli cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979, kilileta mgomo wa wapagazi wa bandari wa mwaka 1948. Vuta N'kuvute, cha mwaka 1999, kilimleta Yasmin, msichana wa miaka 15 aliyeozwa mume mzee. Lakini hapa pana ajabu. Yasmin ni rika la mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu, naye kwa muda mrefu amesomwa zaidi na wanafunzi wa vidato vya tano na sita, tena kwa orodha ya maudhui na fani za kujibia maswali. Wadogo nao waliangaliwa: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Tanzania mwaka 1991, ukasaidia kuchapishwa kwa hadithi nyingi zenye picha na kuzifikisha shuleni. Katikati, kati ya kitabu cha picha na kitabu cha mtihani, palibaki pengo. M. M. Mulokozi alijaribu kuliziba katika miaka ya 1990 kwa riwaya fupi za vijana kama Ngome ya Mianzi, na wengine wakamfuata, lakini wachache kuliko haja. Kijana wa miaka 13 aliyekwisha kuchoka na sungura, na ambaye Kusadikika bado kinamlemea, ndiye anayeagana na kusoma kimya kimya, bila mtu kumwona.

Historia hii haitoi orodha ya vitabu, lakini inatoa mwongozo. Kwa mtoto wa kabla ya miaka 7, sikio litangulie jicho: kitabu kifupi, chenye mizani na marudio, kisomwe na mkubwa kwa sauti. Wa miaka 8 hadi 11 apewe kisa kinachosonga, chenye watu na mahali anapopajua. Wa miaka 12 hadi 15 apewe safari, fumbo na upelelezi, wala asiulizwe funzo kila sura. Wa miaka 16 na kuendelea asifichwe machungu ya dunia wala maandishi yenye ubishi, bali akae na mkubwa wa kubishana naye. Mwana Kupona hakumpa bintiye utendi akamwacha. Alimwita kwanza aketi karibu.