Makumi na Mafungu: Kuhesabu kwa Kuruka na Somo la Kugawanya Mjini Lubumbashi

Kati ya matendo manne ya hesabu, kugawanya ndiko kunakowatisha watoto zaidi. Hata hivyo, mtoto ajuaye kuhesabu kwa kuruka amekwisha kushika ufunguo wake. Akiulizwa 24 ina sita ngapi, huhesabu: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, huku akikunja kidole kimoja kwa kila hatua. Vidole vinne vimekunjwa. Jibu ni 4. Namba ikiwa 26, hatua ya tano ingepita mpaka, basi husalia 2. Kinachohitajika ni majina ya namba yatamkwayo bila kusita. Kwa hiyo historia ya somo hili ni historia ya lugha pia.

Mji wa Elisabethville, ulioitwa Lubumbashi tangu 1966, ulianzishwa mwaka 1910. Mwaka uliofuata Union Minière ilianza kuyeyusha shaba. Wafanyakazi walitoka kwa Waluba, kwa Wabemba na hata Rwanda na Burundi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Ndicho kilichotumiwa pia katika shule za msingi za kambi, zilizoendeshwa na wamisionari Wabenedikti.

Kiswahili hicho kilikuwa na namna yake ya kuhesabu. Badala ya ishirini na thelathini, wengi walisema makumi mbili, makumi tatu, kwa muundo ule ule wa Kibemba na Kiluba. Walimu waliopenda Kiswahili sanifu waweza kuuona kuwa ni kosa. Lakini kwa mwalimu wa hesabu ni hazina. Makumi nane ni jina lenye jibu ndani yake: 80 ina kumi nane. Katika Kiswahili cha pwani, sitini, sabini na tisini hufanana na sita, saba na tisa, kwa kuwa yote yametoka katika Kiarabu. Bali themanini haifanani na nane, wala hamsini na tano. Kifaransa nacho husema quatre-vingts, yaani ishirini nne, ingawa Wabelgiji waliacha Kongo septante na nonante zilizo nyepesi zaidi.

Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mtoto aliyehesabu nyumbani kwa makumi alilazimika kukariri msururu mpya kabla ya kuweza kuruka juu yake. Mwaka 1974 lugha za taifa zilirudishwa katika madarasa ya chini, na sheria ya elimu ya 2014 inazitambua kuwa vyombo vya kufundishia. Hata hivyo, sokoni Lubumbashi bei hutajwa mara nyingi kwa Kifaransa, hata katikati ya mazungumzo ya Kiswahili.

Ni kweli kwamba jina pekee halifundishi. Makumi hayamsaidii mtoto kuruka kwa saba. Hapo hana budi kufanya mazoezi, kupanga mahindi mafungu mafungu na kuyahesabu. Lakini mwalimu anayefuta makumi mbili ubaoni kwa sababu si sanifu, huenda anafuta pamoja nayo hatua ya kwanza ya kugawanya, ambayo mwanafunzi alikwisha kuja nayo kutoka nyumbani.