Vichekesho vya mapenzi baada ya kuachwa

Ni tawi la filamu ambamo mhusika mkuu hutemwa mapema, kisha hadithi humfuata akijikusanya upya. Mfano wake maarufu ni Forgetting Sarah Marshall (Marekani, 2008), iliyoongozwa na Nicholas Stoller. Mwandishi wake, Jason Segel, ndiye pia anayeigiza Peter, mtunzi wa muziki wa televisheni anayeachwa akiwa uchi, ametoka tu kuoga. Anakimbilia Hawaii kutuliza moyo, kumbe Sarah, aliyemwacha, yuko hoteli hiyohiyo na mpenzi mpya. Rachel wa mapokezi anamfariji, lakini kinachomponya hasa ni kumalizia tamthilia yake ya vikaragosi kuhusu Drakula, na hapo filamu inachekesha kwelikweli.

Filamu kama hizi huonwaje kwetu? Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kama kwingineko Tanzania, mtazamaji wa filamu za nje amezoea sauti ya DJ, yaani msimulizi wa Kiswahili, juu ya picha. Mtindo huo ulivumishwa Dar es Salaam na Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu. DJ hatafsiri tu. Huchomekea utani na kumsuta msaliti. Bongo Movie yenyewe, yaani filamu za Kitanzania, ikigusa kuachana, hupendelea machozi kuliko vicheko.