Mizimu ya Tsavo: Historia ya Shaka katika Masimulizi ya Taharuki

Mwaka 1898 ulizaa visa viwili vya hofu vinavyostahili kusomwa pamoja. Kimoja ni cha kubuni: The Turn of the Screw cha Henry James. Ndani yake, mwalimu wa nyumbani anayelea watoto wawili katika jumba la Bly anadai kuwaona watumishi wawili waliokwisha kufa. Msomaji hajui kama mizimu imo nyumbani au imo kichwani mwa msimulizi. Shaka hiyo ndiyo uti wa mgongo wa riwaya ya taharuki ya kisaikolojia.

Kisa cha pili kilitendeka Tsavo, kaskazini-magharibi ya Voi, ambako Reli ya Uganda ilikuwa ikivuka mto. Tangu Machi hadi Desemba mwaka huohuo, simba dume wawili waliwavamia vibarua kambini usiku. Kambi ilikuwa na sifa zote za nyumba yenye mizimu ila kuta: hema, giza, boma la miiba lisilozuia kitu, na mgeni asiyeonekana anayemchagua mmoja na kuwaacha wengine. J. H. Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja, aliwaua simba hao tarehe 9 na 29 Desemba, na mwaka 1907 akachapisha kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo.

Patterson anaeleza kwamba vibarua waliamini hawakuwa simba wa kawaida, bali roho za watawala wawili wa kale waliojigeuza ili kupinga reli kupita katika nchi yao. Anaitaja imani hiyo kama ushirikina, kisha anaipita. Hapa ndipo usimulizi wake unapotofautiana na ule wa James. James anaitia shaka akili ya yule anayesimulia. Patterson anaitia shaka akili ya wale wanaosimuliwa. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakusalimika. Usiku wa kumwua simba wa kwanza, bundi alimpiga kisogoni naye akadhani amekwisha kukamatwa. Kwa msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kumhesabu bundi kuwa ndege wa mkosi, tukio hilo lina uzito. Kwa Patterson ni kituko cha kupunguza taharuki.

Lakini shaka iliyofukuzwa mlangoni hurudi kupitia dirishani, na katika kitabu hiki inarudi kwa njia ya hesabu. Patterson anataja vibarua 28 wa Kihindi waliouawa. Kuhusu Waafrika, anasema tu kwamba walikuwa wengi na kwamba hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa. Baadaye jumla ya 135 ilienea. Mwaka 2009, wanasayansi waliochunguza mabaki ya simba hao, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, walikadiria watu 35 hivi walioliwa. Mwaka 2024 uchunguzi mwingine ulikuta nywele za binadamu zimekwama katika meno yao. Ushahidi wa mwili upo, majina hayapo.

Riwaya ya Kiswahili nayo ilipitia njia ya kufukuza shaka. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anaweka mauti mahali panapoogopwa kwa mizimu, kisha Bwana MSA anaufumbua mkasa kwa mantiki. Tofauti yake na Patterson si ndogo: hapa mwenye akili ya kupambanua ni mwenyeji mwenyewe, wala si mgeni mwenye bunduki. Hata hivyo, fumbo likishafumbuliwa, mizimu hubaki kuwa pazia tu, nyuma yake akiwa mhalifu.

Desturi ya zamani ya vilima vya Taita inadokeza njia nyingine. Wadawida walikuwa wakifukua mafuvu ya wafu wao baada ya muda na kuyapanga katika mapango ya ukoo, ambako wazee waliyaendea kwa tambiko. Katika mtazamo huo, marehemu si mvamizi wa nyumba. Ana nyumba yake, na walio hai wanajua ni wa nani. Cha kutisha ni mfu asiye na pango wala ukoo wa kumtaja.

Kwa hiyo, riwaya ya taharuki itakayochimbuka Voi haitalazimika kurudia swali la Bly, kama mizimu ipo au haipo. Swali lake limekwisha kuandikwa, bila kukusudiwa, katika ukurasa ambao Patterson aliwahesabu baadhi ya wafu na kuwaacha wengine. Vibarua waliosema kwamba nchi inadai walikosea kuhusu simba. Kuhusu deni, hawakukosea.