Kabla Hujamlaumu Mfuaji, Yaulize Maji



Leo naandika nikiwa na deni. Mwaka wangu wa kwanza wa kukodisha magauni ya harusi nilimwachisha kazi msichana aliyekuwa akinifulia. Kulikuwa na gauni moja la satini nililolishona kwa mkono wangu, jeupe pe. Baada ya kufuliwa mara tano sita likawa na rangi ya maji ya mchele. Bi harusi mmoja alilivaa mbele ya kioo changu, mama yake akalishika pindo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hili la zamani?" Lilikuwa na miezi minne tu. Niliona aibu, na aibu ile nikamshushia mfuaji. Nikasema hasuuzi vizuri, anabana sabuni, mvivu. Nikanunua mashine ya kufulia.

Mashine haikumaliza miaka miwili ikaacha kupasha maji. Fundi alipoichomoa hita, ilikuwa imevaa ukoko mweupe mgumu kama jiwe. Akaugonga kwa bisibisi, ukapukutika vipande vipande sakafuni. "Dada, mashine haina kosa," akasema. "Hii chokaa. Inatoka kwenye maji."

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza wazee na kusoma, na nilichokipata ni historia ambayo hatukufundishwa darasani, ingawa imepita mikononi mwa bibi zetu.

Tuanze na jiwe. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe hayohayo, zikapakwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Mvua ikishuka kutoka mbinguni haina chokaa. Ikipenya ardhini inabeba hewa ya kaboni iliyomo kwenye udongo, inakuwa kali kidogo, na ukali ule unayeyusha jiwe polepole. Maji yakifika kisimani yanaonekana safi, unayanywa, lakini ndani yake mna jiwe lililoyeyuka. Walimu wa sayansi huyaita maji magumu. Sisi husema tu, maji haya hayatoi povu.

Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo, kabla haijagusa uchafu inashikana kwanza na chokaa. Unapata ule utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni na kuganda ukingoni. Utando huo huingia kwenye nyuzi za nguo, na kusuuza kwa maji yaleyale hakuutoi. Nguo imetahirika, unaswali nayo bila shaka yoyote, lakini inafifia na kukakamaa. Na maji hayo yakipashwa moto, sehemu ya chokaa inajitenga na kuganda palipo na moto zaidi: chini ya birika, au kwenye hita ya mashine. Kwa hiyo gauni langu na mashine yangu viliugua ugonjwa mmoja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Makunduchi, na huko kusini ni maweni matupu, udongo haba, visima vya kwenye mawe, vingine vina na chumvi ya bahari. Kwake maji hayakuwa kitu kimoja. Ya kisima yalioshea vyombo na kudekia. Ya mvua, yaliyokingwa kutoka paani, yalifunikwa na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyagusa, kwa sababu yalikuwa ya kanzu ya babu ya Ijumaa na kanga za kutokea. Mimi nilidhani ni ukali wa uzee.

Mjini nako maji yalikuwa na daraja zake. Meli zilizotia nanga Unguja zilichota maji Mtoni, kwenye kijito kilichopita kasri la Sayyid Said, kasri alimozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Watu wa kawaida wa mjini walitegemea visima vifupi vilivyochimbwa karibu na makaazi na vyoo. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu kwa maelfu, na daktari James Christie, aliyekuwa hapa wakati huo, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Kisha Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akaleta maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Hamamni, tunakopigia picha za harusi siku hizi, ni kazi ya utawala wake pia. Vitabu vinamsifu kwa afya ya watu, na anastahili. Ila sijaona kitabu kilichouliza maji yale yaliwafaa vipi wafuaji, wanawake wa majumbani na madobi waliotoka Bara Hindi, ambao kazi yao ilikuwa kuzifanya kanzu za watu wengine ziwe nyeupe. Maji ya bomba hayana chumvi ya bahari, lakini chokaa haiondoki kwa kupita bombani. Birika langu la mjini ni shahidi.

Na sabuni je? Hapa nilicheka peke yangu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua nazi kavu na ufuta wa pwani yetu, vikapelekwa Marseille, mji wa sabuni. Mafuta ya nazi yana sifa moja: sabuni yake hutoa povu hata penye maji magumu, hata ya bahari, ndiyo maana iliitwa sabuni ya mabaharia. Mwingereza William Lever alipoanza kutengeneza Sunlight miaka ya 1880, alitumia mafuta ya mimea, ya nazi yakiwemo, badala ya kutegemea mafuta ya wanyama peke yake. Siri ya povu lao ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vyetu.

Kupima ugumu wa maji nako kuna historia. Mwaka 1841 mkemia wa Aberdeen, Thomas Clark, alipata hataza ya njia ya kulainisha maji, na jina lake limebaki pia kwenye kipimo cha sabuni: unatia sabuni iliyoyeyushwa kwenye maji, unatikisa, unahesabu imehitajika kiasi gani mpaka povu likae. Unaweza kujaribu nyumbani. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya bomba na moja ya mvua, tia vipande sawa vya sabuni ya mche, tikisa. Usitumie sabuni ya unga, itakudanganya.

Itakudanganya kwa sababu imetengenezwa kwa njia nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walipungukiwa na mafuta ya kutengenezea sabuni, wakatafuta mbadala maabara. Mwaka 1946 Marekani ikatoa Tide, unga uliochanganywa na fosfati za kuibana chokaa isisumbue. Baadaye ilionekana fosfati zinarutubisha magugu ya maziwani, nchi nyingi zikazipunguza, na viwanda vikatafuta vitu vingine vya kuibana chokaa. Unga ukatoa povu penye maji yoyote, na sisi tukaacha kuuliza maji yametoka wapi. Lakini si kila unga una dawa ya kutosha ya chokaa, na ukizidisha unga kwenye mashine, unabaki kwenye nguo. Mimi nilizidisha sana.

Bibi alikuwa na dawa nyingine: magadi, hayahaya ya kulainishia maharage. Alitia kidogo kwenye ndoo ya maji ya kisima, maji yakawa meupe kama tui jepesi, akayaacha yatulie mpaka asubuhi, kisha akamimina ya juu taratibu na kuacha tope jeupe chini. Lile tope ndilo chokaa. Magadi ni soda ya asili, na inaifukuza chokaa kabla sabuni haijafika. Kampuni ya kuchimba magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, iliundwa mwaka 1911, na magadi yake ni kwa ajili ya vioo na sabuni. Tahadhari tu: usiyatumie kwa hariri wala sufi, yataiharibu, na vaa glavu. Na ukisafisha ukoko wa birika kwa siki, usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia yenye klorini. Hewa yake ni sumu.

Yule msichana nilimfuata kwao. Nilikuta anafua, watoto wamemzunguka. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, nikamweleza habari ya hita na chokaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakamua kanga, akaianika, ndipo akasema, "Dada, mimi nilikwambia maji hayatoi povu. Ukaniambia niongeze sabuni."

Kweli aliniambia. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Amerudi kazini kwa mshahara aliousema yeye. Magauni meupe tunayafua kwa mkono, na maji ya mwisho ya kusuuza ni ya mvua. Mashine tunaitumia kwa mashuka, kwa moto mdogo. Wiki hii tuna magauni matatu ya kurudisha kwa wenyewe kabla ya Alhamisi, pipa limebaki robo, na vuli bado haijaanza. Leo asubuhi alikuwa juu ya ngazi, anasafisha mfereji wa paa.