Balozi wa nani?

Ndugu msikilizaji, katika kazi yangu ya redio nimesoma mara nyingi habari kwamba balozi wa nchi fulani amewasilisha hati zake za utambulisho Ikulu. Ni habari fupi, na muda ukibana ndiyo ya kwanza kukatwa. Nadhani wengi wetu tunamfahamu zaidi balozi wa nyumba kumi kuliko huyu wa bendera kwenye gari. Yule wa nyumba kumi tunajua kazi yake. Huyu mwingine anamfanyia nani kazi?

Wiki hii nataka tulitazame swali hilo kwa kurudi nyuma, hadi Zanzibar na Marekani, nchi mbili zilizotenganishwa na bahari mbili.

Septemba 21, 1833, mjini Muscat, mfanyabiashara aitwaye Edmund Roberts alitia saini mkataba na Sayyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari zake zote kwa ushuru wa asilimia 5. Bunduki na baruti katika kisiwa cha Zanzibar ziliweza kuuzwa kwa serikali tu, lakini bandari nyingine ruksa. Tena ikaandikwa kwamba Wamarekani wakigombana wao kwa wao, mwamuzi atakuwa konsuli wao.

Konsuli huyo alifika Zanzibar mwaka 1837. Aliitwa Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, na alikuwa konsuli wa kwanza wa nchi za Magharibi kukaa pale. Muingereza, pamoja na ukubwa wake wote wa wakati ule, alileta wake mwaka 1841, na Mfaransa akafuata.

Sasa sikiliza vizuri. Enzi hizo konsuli wa Marekani hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada za ofisi na kwa biashara yake mwenyewe. Kwa hiyo Bwana Waters asubuhi alikuwa mwakilishi wa taifa, na mchana mnunuzi wa pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Akashikana na Jairam Shivji, tajiri aliyekodishwa ushuru wa forodha, na mambo yakawanyookea wote wawili. Waliolalamika kwa sauti kubwa hawakuwa Waswahili. Walikuwa wafanyabiashara wenzake wa Kimarekani, waliokuta mlango umefungwa. Konsuli wao ndiye alikuwa mshindani wao.

Alikuwa mcha Mungu pia, na aliuchukia utumwa. Lakini pembe alizonunua zilifika pwani zikiwa zimebebwa vichwani na mabegani, na miongoni mwa wabebaji walikuwamo watumwa. Alichouza ni kile kitambaa kigumu cha pamba, kilichoenea bara hata kikachukua jina la nchi kilikotoka: marekani. Bibi zetu walikivaa bila kujua kama kuna mkataba wala konsuli.

Je, sisi tulituma nani kule? Mwaka 1840 Sayyid Said alituma jahazi lake Sultana mpaka New York, likiwa na karafuu, tende, kahawa, pembe na ngozi. Mjumbe alikuwa Ahmad bin Na'aman. Watu wa New York walifurika bandarini kuwatazama wageni. Mchoraji Edward Mooney akachora picha yake. Jahazi lililochoka likatengenezwa na jeshi la wanamaji la Marekani bila malipo.

Lakini zawadi zilizua kazi. Sayyid Said alimpelekea Rais Van Buren farasi, lulu na vitu vingine vya thamani. Rais akasema hawezi kupokea, kwa kuwa katiba ya nchi yake inakataza kiongozi kuchukua zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Bunge. Suala likapelekwa Bungeni, na zawadi zikawa mali ya taifa. Hapo ndugu zangu tutafakari kidogo. Nchi iliyomwacha konsuli wake achume atakavyo Zanzibar, ndiyo hiyo hiyo iliyomzuia rais wake kuchukua farasi. Sheria hubana pale ilipoandikwa.

Mwezi Agosti Sultana likang'oa nanga. Mjumbe wetu alikwenda akarudi. Mjumbe wao alikuja akakaa. Na anayekaa ndiye anayejua bei, anayejua nani ana deni na nani ana njaa. Mgeni wa siku mbili huonyeshwa sebule tu.

Tuvuke miaka mingi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Frederick Picard, aliyeiwakilisha Marekani Zanzibar, alifukuzwa wakati nchi yake ilikuwa bado haijaitambua serikali mpya. Januari 1965 ikawa zamu ya Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam na Frank Carlucci, konsuli wa Zanzibar. Chanzo kilikuwa mazungumzo yao ya simu. Serikali yetu ilisikia habari za silaha na njama. Wao walidai "risasi" waliyoitaja ni hoja tu, za kuishawishi Washington itume salamu za sherehe za Mapinduzi. Marekani ikamfukuza ofisa wetu mmoja, na Mwalimu Nyerere akamwita nyumbani balozi wetu, Othman Shariff. Yote hayo kwa maneno machache ya simu. Pasipo na kuaminiana, hata salamu husikika kama bunduki.

Ofisi ya konsuli Zanzibar ilifungwa mwaka 1979, lakini swali halikufungwa. Balozi anayetumikia mfuko wake ni mchuuzi mwenye bendera. Balozi asiyeaminiwa hata akisema kweli hasikiki. Na nchi inayopokea mabalozi bila kuwapa wake kazi ya kweli huko ugenini, itabaki kuvaa kitambaa kilichopewa jina la wengine. Basi tukisikia balozi wetu ameapishwa tusiulize tu anakwenda wapi. Tuulize anakwenda kumuuzia nani karafuu, korosho na kahawa ya mkulima wetu, na atakaporudi ataleta hesabu gani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.